Ya Kuonja na ya Kutibu

Katika kampuni ile ya dawa, mtu hafiki mezani kwake hivi hivi kama anayeingia kwa shangazi yake. Kwanza anavua viatu vya njiani na kuvaa vya ndani. Kisha anavaa kofia ya nywele, hata kama kichwa chake kina upara unaong'aa kama sinia. Kisha koti jeupe, kisha ananawa mikono mbele ya bango lenye picha zinazomfundisha mtu mzima kunawa mikono. Mgeni aliyafuata yote hayo kwa moyo mkunjufu. Alikuwa ametoka chuoni juzi tu, na kila alipofunga vifungo vya koti lile alijihisi kama anayekwenda kuokoa maisha, ingawa kwa kweli alikuwa anakwenda kuosha vikombe.

Walimwita Mgeni kwa sababu ndiye aliyeajiriwa mwisho, na jina hilo lingemtoka siku atakapokuja mwingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya tatu alipewa sinia. Aliwekwa katika kitengo cha ladha, na kazi ya kitengo hicho ilikuwa kuipa ladha dawa mpya ya kifua ya watoto, dawa ya maji ambayo mtoto angepaswa kuinywa kila asubuhi, miezi nenda miezi rudi, bila kuruka hata siku moja.

Kwake yeye hiyo haikuwa kazi tu. Alipokuwa mwanafunzi wa mazoezi hospitalini, aliwahi kumwona mama mmoja amembana mwanawe katikati ya magoti, mkono mmoja umeshika pua ya mtoto, mwingine umeshika kijiko. Mtoto alilia, akakohoa, akatema dawa yote kwenye kifua cha mama yake. Mama akamimina tena, akatemewa tena. Alipotemewa mara ya tatu aliweka kijiko chini akaanza kulia yeye, na mtoto kwa mshangao akanyamaza. Mgeni alisimama pale na kalamu yake, hajui aandike nini. Siku ile alijiapiza kwamba akipata kazi atatengeneza dawa ambayo mtoto ataifungulia mdomo mwenyewe kama kifaranga. Alipoyasimulia hayo kwenye usaili, wazee watatu waliokuwa wakimhoji walitazamana, mmoja akapenga kamasi, na binti akapewa kazi, lakini ya majaribio. Machozi ni machozi, na taratibu ni taratibu.

Mkuu wa kitengo chake alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na jengo zima lilimwita Bwana Asali. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema kitu ni kibaya. Hata chakula cha kantini, ambacho paka wa getini alikuwa akikinusa na kuondoka zake, yeye alisema kina mwelekeo mzuri. Alimpenda Mgeni tangu mwanzo, akamwachia achanganye matunda atakavyo. Binti akachanganya embe na nanasi, akapunguza sukari, akaongeza harufu kidogo ya vanila, akaonja, akarekebisha, akaonja tena, mpaka ulimi wake ukawa hautofautishi embe na sabuni.

Siku ya jopo la waonjaji ilipofika, wakuu wote wa vitengo walikaa kuizunguka meza ndefu, na Mgeni akapita na sinia lake la vikombe vidogo kama vya kupimia dawa ya kikohozi. Mkuu wa masoko alionja akafumba macho. Mkuu wa fedha, ambaye hakuwahi kutoa chochote bure, alitoa sifa. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kupitwa na mwenzake, kila aliyefuata alisifu zaidi ya aliyetangulia, mpaka aliyekaa mwisho wa meza hakuachiwa neno, akaomba kikombe cha pili, na wengine wakamwiga. Mkurugenzi alisema dawa hii angewapa wajukuu zake hata wakiwa wazima. Bwana Asali alimpigapiga Mgeni begani na kumnong'oneza kwamba barua ya kumthibitisha kazini imekwisha chapwa, itatiwa sahihi siku ile ile Mwenyekiti wa bodi atakapokuja kuionja dawa na kuidhinisha ianze kutengenezwa.

Jioni Mgeni alimpigia simu mama yake. Hilo lilikuwa kosa, maana mama yake hakuwa mtu wa kuweka maji mdomoni. Kabla ya usiku kuingia, mtaa mzima hadi fundi viatu wa kona ulijua kwamba binti yao amegundua dawa. Dawa ya nini, hakuna aliyeuliza. Mama mmoja jirani akampigia Mgeni simu kumweleza habari za goti lake.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya wale waliokuwa wakiomba kikombe cha pili. Walimaliza chupa yote, na hilo likagunduliwa siku moja kabla ya Mwenyekiti kuja. Mgeni akaagizwa aende jengo la kemia, ng'ambo ya bustani, akalete chupa nyingine. Akavua viatu vya ndani, akavaa vya njiani, akavuka bustani, akavua vya njiani, akavaa vya ndani vya jengo lile, na kofia nyingine, na koti jingine, akanawa mikono mbele ya bango lile lile. Mkemia aliyemkuta dirishani alikuwa amefunikwa kuanzia utosini hadi vidoleni, yanaonekana macho tu, na macho yenyewe yalikuwa na usingizi.

"Unataka ya kuonja au ya kutibu?" mkemia akauliza.

Mgeni akasema anataka ile ya embe na nanasi.

"Zote ni za embe na nanasi, dada. Nakuuliza ya kuonja au ya kutibu."

"Kwani zina tofauti gani?"

Mkemia alimtazama kama mtu aliyeulizwa tofauti ya mchana na usiku. Akamweleza taratibu kwamba ya kutibu ina dawa ndani, ya kuonja haina. Sheria ya kampuni hairuhusu mfanyakazi asiye mgonjwa kunywa dawa kazini, kwa hiyo wanaoonja hutengenezewa ya kwao, kila kitu kimo isipokuwa dawa. Imekuwa hivyo miaka yote. Ni kwa usalama.

"Sasa hii ya kutibu," Mgeni akauliza, "nani ameionja?"

"Nyinyi," mkemia akasema. "Si nyinyi ndio kitengo cha ladha?"

Mgeni alirudi akivuka bustani na chupa mbili mfukoni, moja ya kuonja, moja ya kutibu aliyoiomba mwenyewe, iliyofungwa utepe mwekundu. Jengo la kemia lilidhani jengo la ladha limeonja. Jengo la ladha lilidhani linachoonja ni dawa. Katikati ilikuwa bustani yenye maua mazuri, na hakuna aliyewahi kuivuka kuuliza swali. Wakuu wote wale, na macho yao waliyoyafumba, walikuwa wamesifu juisi.

Labda ile ya kutibu nayo ni tamu, alijiambia. Labda. Lakini aliyesoma famasia anajua kwamba labda haiandikwi kwenye kibandiko cha chupa.

Akaenda kwa Mama Taratibu. Huyu alikuwa mkuu wa ubora, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, na wafanyakazi walimwogopa kuliko wakaguzi wa serikali. Ilisemekana aliwahi kumrudisha mumewe jikoni aoshe tena kijiko kwa sababu alikiosha kabla ya sahani. Mgeni akamwamkia, akaeleza, kisha akauliza kama ipo njia yoyote halali ya kuionja dawa yenyewe. Mama Taratibu aliweka kalamu chini. Akavua miwani. Akasema njia ipo, aliiandika yeye mwenyewe miaka mingi iliyopita: mwonjaji atie sahihi kwamba ameridhia, daktari wa kampuni awepo, dawa izungushwe mdomoni kisha itemwe, isimezwe.

"Sijawahi kuombwa fomu hii," akasema, akifungua kabati kwa mikono iliyokuwa na haraka isiyo ya kawaida yake. "Hata mara moja, mwanangu. Nilianza kudhani niliiota."

Daktari wa kampuni naye alifurahi kupata mgeni, maana zahanati yake haikuwa na wagonjwa. Wafanyakazi wa kampuni ile walipougua walikwenda kutibiwa mjini, wasije wakaonekana wanaumwa mbele ya wakubwa. Alipanga taulo, maji na beseni, akampima binti mapigo ya moyo, akamwambia yuko tayari akiwa tayari.

Mgeni akatia kijiko mdomoni.

Kwanza lilikuja embe. Likafuata nanasi, na vanila ikipunga mkono kwa mbali, na moyo wake ukaanza kutulia. Kisha vyote vitatu vikakimbia kama watoto waliosikia mlango wa baba, akaingia mwenye nyumba. Uchungu ule haukuwa wa shubiri, kwa sababu shubiri mtu anaijua na hujiandaa. Huu ulikuja umejificha nyuma ya tunda, na ndiyo maana ulikuwa mbaya zaidi. Ulipanda puani, ukashuka shingoni, ukagonga kwenye masikio. Alitema, akasukutua, akatema tena, na maji yakaufanya uamke upya. Daktari akamuuliza anajisikiaje. Mgeni alifungua mdomo kumjibu akashindwa, akaanza kulia, na daktari kwa huruma akadhani ni madhara ya dawa, akaanza kuandika.

Haikuwa dawa iliyomliza. Alikuwa akimwona yule mama na kijiko chake. Angalau dawa ya zamani haikumdanganya mtoto. Hii yake ingemwambia mtoto embe, na mtoto akishaamini, ingempiga kofi. Asubuhi moja ingetosha. Kuanzia siku ya pili nyumba zingefungwa milango, watoto wangekimbizwa uani, na wale ambao wazazi wao wangechoka kuwakimbiza wasingepona.

Bwana Asali alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu mwema. Kisha akafunga mlango wa ofisi. Alimweleza kwamba mialiko imekwisha tolewa, mpiga picha ameshalipwa, mkuu wa masoko ameshabuni wimbo. Watoto huzoea, alisema. Yeye mwenyewe utotoni alizoea mengi. Akamwonyesha barua mezani, yenye jina lake kamili juu na nafasi tupu ya sahihi chini.

"Mwanangu, usiharibu shughuli ya watu," akasema kwa upole. "Kesho mpe Mwenyekiti ya kuonja. Akishaondoka, tutakaa tuliangalie hilo jambo lako."

Mgeni alijua maana ya tutakaa. Katika kampuni ile kulikuwa na kikao cha kujadili kwa nini vikao vinachelewa, na chenyewe kilikuwa kimeahirishwa tangu mwaka uliopita.

Usiku ule mama yake alipiga simu kuuliza avae kitenge kipi siku ya kuisoma barua mbele ya majirani. Mgeni akasema chochote, mama, vyote vinakupendeza, akakata simu akakaa kitandani akiutafuta ujasiri kama anayetafuta soksi ya pili.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa bibi kizee mnene, mwenye fimbo na sikio moja zito, na alipoingia ukumbini wakuu wote walisimama na viti vyao vikalia. Meza ilikuwa imepambwa. Katikati yake walikuwa wameweka kombe kubwa la fedha la ushindi wa ubora, ambalo kampuni ilijinyakulia mwaka ule, ili litokee kwenye picha. Wimbo ulipigwa. Mgeni akapita na sinia lake, vikombe vikiongea juu yake. Vyote vilikuwa vya kuonja.

Mwenyekiti akaonja. Akalamba mdomo. Akasema hiki kitu kitamu, nani amekitengeneza, na Bwana Asali, uso wote umekuwa meno, akamsukuma Mgeni mbele.

"Ni wewe, mjukuu wangu? Hongera," Mwenyekiti akasema. "Na watoto wataipenda?"

Swali lilikuwa dogo, na jibu lake lilikuwa neno moja. Bwana Asali alikuwa tayari analitamka kwa midomo bila sauti, kama mzazi anayemsaidia mtoto jukwaani. Mgeni akaitazama kalamu iliyokuwa mfukoni mwa koti la bosi wake, ile ya kutia sahihi.

"Hii wangeipenda, Mheshimiwa," akasema. "Lakini hii siyo watakayopewa."

Mwenyekiti akamgeuzia sikio zima, akamwambia arudie. Mgeni akarudia, na safari hii akaeleza yote: ya kuonja, ya kutibu, bustani iliyopo katikati. Alieleza kwa haraka na kwa kigugumizi, na alipofika kwenye habari ya mama wa hospitalini alikosea akaanza upya. Mpiga picha alishusha kamera. Mkuu wa masoko alisema kwamba binti ni mgeni, tena anaonekana hana afya. Mkuu wa kemia akasema hilo ni suala la ladha. Bwana Asali akasema, kwa mara ya kwanza sauti yake ikiwa na mikwaruzo, kwamba ladha ni nzuri, tatizo ni kemia.

"Nyamazeni," Mwenyekiti akasema. "Iko wapi hiyo ya kutibu?"

Mama Taratibu alikuwa ameshasimama. Alikuwa na fomu kwenye mkoba, za kumtosha kila aliyekuwapo, na zilizobaki. Daktari alitumwa kuleta chupa yenye utepe mwekundu kutoka kabati lake lenye kufuli, alikoifungia jana yake. Wakati wakimsubiri, ukumbi ule wa watu wenye afya ukageuka wodi. Mkuu wa fedha alikumbuka ana shinikizo la damu. Mkuu wa masoko alikuwa ameng'olewa jino. Mkurugenzi alisema angeonja kwa furaha, tatizo ana safari. Mwenyekiti aliwasikiliza wote, akaichukua kalamu ya Bwana Asali mfukoni mwake bila kumwomba, akatia sahihi fomu yake, akaisukuma kalamu kwa Mkurugenzi.

"Si ulisema utawapa wajukuu zako hata wakiwa wazima? Anza wewe, babu yao."

Wakatia sahihi. Vikombe vikajazwa. Wakaweka mdomoni kwa pamoja, kama wanaokula kiapo, na kwa muda wa kumeza mate kulikuwa na amani ya embe na nanasi. Kisha nyuso zikaanza kukunjamana moja baada ya nyingine kuizunguka meza. Mama Taratibu, ambaye naye aliionja kwa kuwa alitaka fomu yake mwenyewe ijazwe, aliinua kidole kutoa maelekezo, akagundua kwamba utaratibu wake ulisema itemwe, ila haukusema itemwe wapi. Beseni lilikuwa zahanati. Meza ilikuwa na maua ya karatasi na kitambaa cheupe. Mashavu yamejaa, macho yametoka, wakubwa wale walitazamana kama samaki sokoni, mpaka Mwenyekiti akanyoosha mkono akalivuta kombe la ubora, akatema ndani yake kwa heshima zote, akalipitisha kwa jirani yake. Kombe likazunguka meza. Kila aliyelipokea alilipokea kwa mikono miwili.

Mwenyekiti alikuwa analia, lakini alionekana hajali.

"Mimi nimelea watoto tisa," akasema hatimaye. "Hii singeweza kumpa hata mmoja. Mngeipeleka madukani?"

Dawa haikuidhinishwa. Aliamuru ladha na kemia wahamie jengo moja, na kila Jumanne wakuu wale wale wakae meza ile ile na kuionja ya kutibu, mpaka siku watakapoweza kuizungusha mdomoni bila kukunja uso. Kisha akaomba maji, akaambiwa na Mgeni kwamba maji yatauzidisha uchungu, akasema basi wewe ndiye mkweli pekee humu, lete mkate.

Barua haikutiwa sahihi. Bwana Asali alimwita Mgeni kesho yake, akamwambia bila kinyongo kikubwa kwamba kazi yake itaendelea kuwa ya majaribio hadi uchungu uishe, maana kwa sasa hata yeye bosi yuko kwenye majaribio. Mama yake Mgeni alinuna siku mbili. Siku ya tatu aliwatangazia majirani kwamba binti yake aliwatemesha mate wakubwa wa kampuni kwenye kombe la fedha, na habari hiyo ilipendwa mtaani kuliko ile ya kugundua dawa.

Kazi ikaanza upya. Mgeni na mkemia wa macho ya usingizi, ambaye bila barakoa alikuwa na ndevu zisizotarajiwa, walijaribu kuifunika kila chembe ya dawa kwa utando laini usioyeyuka mdomoni, wakajaribu kuacha embe na kuchukua kitu chenye uchungu wake wa asili, kisimdanganye mtoto. Walishindwa Jumanne nyingi. Mkuu wa masoko alijificha chooni, Mama Taratibu akamngoja mlangoni na fomu. Mkuu wa fedha aliuliza kama beseni ni lazima liwe jipya.

Jumanne moja Mgeni alipita na sinia, akasimama mbele ya Bwana Asali. Bosi alikitazama kikombe kama anayeitazama barua ya mahakama. Akaonja. Akazungusha. Uso ukakunjamana nusu, ukasita, ukakaa hapo. Akatema, akajifuta mdomo, akafikiri kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiria ladha ya kitu chochote maishani mwake.

"Mbaya," akasema.

Meza nzima ikageuka kumtazama, kwa kuwa neno hilo hawakujua kama analo.

"Mbaya kabisa," akarudia, akionekana kushangazwa na wepesi wake. "Lakini wiki iliyopita niliwaona marehemu wote wa ukoo wetu. Leo nimewaona wajomba tu."

Mgeni alikwenda na sinia lake hadi dirishani, akawapa wenzake mgongo ili wasimwone anavyotabasamu, akaanza kufikiri namna ya kuwaondoa wajomba.